Nilimpunguzia Muuaji Moyo

Shangazi mpendwa wa safu hii, nisaidie maana kichwa kinaniwaka moto. Mume wangu ni fundi friji, mtu wa maneno machache, ukimuuliza habari za kazi anajibu "salama" na imetoka hiyo, lakini Shangazi, mtu huyu anaandika riwaya ya mauaji, kwa mkono, na mimi ndiye ninayempigia chapa kwa sababu mwandiko wake nausoma mimi tu, na kila baada ya sura mbili za mpelelezi inakuja sura ya muuaji akiwa peke yake na mawazo yake, na haki ya Mungu sijawahi kusoma kitu kama kile, yaani mtu ametoka kuua halafu anaosha mikono taratibu, maji yasipige kelele asimwamshe mtoto, huku akijiuliza ni lini hasa alianza kuwa mtu wa namna hii, nikajikuta namlilia muuaji mpaka kibodi inalowa.

Sasa huyo muuaji ana mke, na mke huyo anavaa ndala za mumewe na anaimba akikosea maneno, kama mimi kabisa, nikaona aibu, watu watasema tumeandikwa sisi, basi nikawa nayaruka yale mawazo, nachapa visu na damu tu, na yeye hakukagua kwa kuwa ananiamini. Mhariri amesoma, amesema mpelelezi yuko vizuri ila muuaji ni gogo, sura zake zote zitolewe. Mume wangu hata hakugomba. Alisema tu, "Labda sina kipaji," na Ijumaa anakwenda kukubali. Nikimwambia ataniamini tena? Nimekuwekea ukurasa mmoja wa mkono wake, na chini nimeuchapa neno kwa neno, uone mwenyewe.

Mpiga Chapa Mwenye Aibu

JIBU

Mwanangu, kwanza hongera, umeolewa na mwandishi hasa. Pili, una wazimu?

Ukurasa ule nimeusoma nimesimama, chai ikapoa. Muuaji wa kutisha kwa kisu tu, kila mtu anamweza. Mumeo ametupa muuaji anayefikiri kama sisi, tunamwelewa hatua kwa hatua, tukishtuka tumeshamwonea huruma, na hapo ndipo mwili unaposisimka. Wengi wamejaribu wakashindwa. Wewe ukayapitishia wembe mawazo yake kwa kuogopa majirani! Nani mtaani kwenu asiyekosea maneno ya nyimbo?

Mwambie leo, kabla hajavua viatu: "Niliyakata mimi." Usitangulize machozi, maana ataanza kukubembeleza na neno litapotea. Atakasirika, mwache, ni haki yake. Kisha chapeni upya pamoja, yeye akisoma kwa sauti, usiruke hata koma. Ijumaa nendeni wote, na kwa mhariri useme wewe, maana yeye atasema "salama" arudi nyumbani.

Lakini kuna jambo umelisoma wee na hujaliona. Kwenye ukurasa ulionitumia, muuaji anasimama mlangoni mwa jikoni, anamtazama mkewe, anatamani aulizwe tu, "Una nini?" ili aseme yote. Mke haulizi. Mwanangu, mtu asiyejua kusema aliandika hayo akakukabidhi wewe, msomaji wake wa kwanza. Zima kompyuta, kaa karibu naye umuulize. Akianza kusema, usimkatize.