Ushuru wa Kitu Tusichoagiza

May Pen, Jumapili

Mdogo wangu Marvette,

Pipa ulilotutumia kutoka ng'ambo limefika. Sabuni, mchele na viatu vyangu vimo, ila viatu vinanibana kidogo. Huku tumeanza kuchuma mashelisheli.

Mume wangu Lascelles ndiye aliyelitoa pipa bandarini. Alirudi akifoka kwamba watu wa forodha ni wezi. Nilipofua suruali yake nikakuta risiti: ushuru wa viatu, ada ya kuhudumia mzigo, halafu ushuru wa kitanda cha mtoto mchanga, cha kukunja. Pipa lilipofika nyumbani hakikuwemo kitanda chochote, nikasema kweli ni wezi! Nikapanda basi hadi Kingston kugombana nao.

Karani alinisikiliza, akacheka. "Mama, mimi sitozi ushuru wa hewa. Kitanda kilikuwemo. Mumeo alikibeba mwenyewe, tena akaniomba kamba."

"Labda umemchanganya na mtu mwingine."

"Sahihi hii si yake?"

Ni yake. Nimerudi, nimempikia, sijamuuliza kitu.

Wewe ndiye ninayekuuliza. Nina miaka hamsini na nne, Marvette, na pipa ulilipakia kwa mikono yako. Ulipokuwa ukikikunja kile kitanda, ulidhani nitamlaza nani humo?

Dada yako, bado,
Icilda