Nukta Tatu na Mstari

Jumatatu, 3 Machi

Nimemtoa Mwingereza stoo, ile pikipiki ya Baba. Peke yangu, na mgongo huu! Pikipiki yenyewe imenizidi umri, na imelala chini ya turubai miaka ishirini na minane. Lakini daktari alisema tangu kiharusi kile Baba anahitaji kitu cha kumrudishia hamu ya kuishi. Basi, dawa ndiyo hii. Nitaiwasha, aisikie tena.

Nilimsogezea kiti barazani. Akaitazama, machozi yakamtoka. Nikajua nimepatia.

Mchana nimeifungua injini kwa spana zake za zamani. Hizi zangu za kutengenezea vyerehani hazikuingia hata kwenye nati moja. Pistoni imeganda. Kabureta imeliwa na kutu, inamomonyoka kama biskuti. Ila ndani ya kava nimeikuta alama yake — nukta tatu zilizogongwa kwa msumari wa chuma, zimekaa kama mafiga. Pale kwenye gereji yake Baba aliigonga kwenye kila kifaa alichofunga, ili ajue kama kazi ni yake mteja akirudi kulalamika.

Pikipiki zilikuwa mbili, pacha, yake na ya Baba Mdogo. Wakizifungua pamoja vifaa vilichanganyikana mezani, kwa hiyo vya mdogo wake akaviongezea mstari chini. Nukta tatu, Baba. Nukta tatu na mstari, Baba Mdogo. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Ile ya pili iliondoka na mwenyewe. Alfajiri moja Baba Mdogo aliipanda akaenda kutafuta maisha nje ya nchi. Hata mkewe hakumuaga. Aliyemwona ni Baba peke yake, anasema alimpungia mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Maduka matano ya spea. La kwanza waliniuliza kama nafungua makumbusho. La tatu walicheka mpaka wakaniletea kiti. Wa mwisho, muuza vyuma chakavu wanayemwita Sumaku kwa kuwa kila chuma cha mji huu kinanasa kwake, hakucheka. Nikamwambia ni ya mzee wangu aliyekuwa fundi, naye kaandika namba yangu ukutani kwa chaki.

Mama Mdogo, mkewe Baba Mdogo, kaja kumnyoa Baba, kama kila Jumamosi tangu augue. Alipomkuta Mwingereza barazani alisimama na beseni lake la maji mkononi. Akagusa tangi. Yake ilikuwa na mkwaruzo hapa, alisema, akirudi nayo nitakuonyesha.

Akirudi. Wachumba watatu amewakataa kwa neno hilo. Na mimi ndiye aliyenilea, mama yangu alikufa sijaota hata jino. Alinisuka, alinichapa, alinifundisha kutia uzi kwenye sindano. Nikimsikia akisema "akirudi" natamani kwenda kumshika Baba Mdogo huko aliko, nimlete kwa sikio.

Jumanne, 11 Machi

Sumaku kapiga simu: dada, una bahati ya mtende. Kaletewa injini ya aina hiihii ndani ya shehena ya vyuma. Kaning'olea kabureta kwanza, injini yenyewe bado anaihangaikia.

Imegandwa na saruji kila upande. Nimeiloweka kwenye mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya waya, na saruji ilipobanduka kidogo nikaona nukta tatu. Kazi ya Baba! Nilimkimbilia nayo, mafuta yananichuruzika mpaka kiwiko.

Aliishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akaigeuzageuza. Siku hizi maneno yake huja mojamoja, na leo limekuja moja tu: rudisha.

Nikamtania. Mzee, unataka spea mpya za kwenye boksi? Hakucheka. Akaiachia ikaanguka sakafuni.

Ijumaa, 14 Machi

Saruji iliyobaki imeachia. Chini ya nukta kuna mstari.

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Cherehani cha mteja kiko mezani kimefunguliwa tumbo, sijakigusa. Labda Baba Mdogo aliiuza njiani. Labda alibadilisha kabureta kabla hajaondoka. Lakini saruji ni ya nini?

Nikamuuliza Baba. Baba Mdogo aliondoka na pikipiki yake?

Aliondoka.

Ulimwona kwa macho yako?

Akaniomba nimgeuzie kiti, atazame ukuta.

Jumatano, 19 Machi

Nimetoka kwa Sumaku. Naandika kwa penseli, kalamu imenishinda.

Injini iko pale, juu ya gunia. Nimeipekua kifaa kwa kifaa. Hedi, mstari. Kava, mstari. Kila kitu kina mstari. Nikauliza imetoka wapi, nikijifanya nauliza tu. Kumbe kuna mtu anachimba msingi wa ghorofa, mahali palipokuwa na gereji zamani. Wamevunja lile shimo la kusimama chini ya magari, maana mtu alilijaza zege mpaka juu. Zege gumu, kasema, limewatoa jasho siku mbili. Akaongeza, huku anacheka, na juu yake kulikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, kidogo hivi. Akanionyesha kwa vidole.

Ni changu.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alinibeba mpaka ukingoni, akanishika mkono akaukandamiza kwenye zege bichi. Tunaliziba, usije ukatumbukia, alisema. Miaka yote hii nimeibeba siku ile kama zawadi. Nimewasimulia watu! Na nakumbuka nilikuwa na nywele timtimu, Baba akachekea kichwa changu, kwa sababu wiki nzima hakuna aliyenisuka. Mama Mdogo alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kumuulizia mumewe.

Wiki ileile. Nimeihesabu kila namna, inarudi palepale.

Sumaku anasema fremu na magurudumu bado vimo, wamefika nusu tu. Jumamosi wanamalizia. Nikuwekee, dada?

Nikasema niwekee. Ningesema nini?

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nimemlisha Baba kwa kijiko. Akimeza, nalitazama koo lake. Nampenda, na namwogopa, na kijiko ni kilekile.

Nikinyamaza, Mama Mdogo atazeeka akisema akirudi. Nikisema, namtoa baba yangu kwa mdomo wangu, mtu asiyeweza hata kujifunga vifungo. Huenda pia kuna maelezo. Huenda waligombana na Baba Mdogo akaondoka kwa miguu, Baba akaifukia pikipiki kwa hasira. Watu hufanya mambo ya ajabu wakikasirika.

Saa kumi jioni nimechukua tupa, nikausugua ule mstari wa kwenye kabureta. Umetoka wote. Zimebaki nukta tatu.

Sijui nimefanya hivyo kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika chumbani. Mlango nimeuacha wazi kidogo, wao wako barazani.

Mama Mdogo kaja mapema leo. Maji ya moto, sabuni, wembe. Kabla hajaanza akaona kabureta juu ya meza yangu, akaiokota. Niliisahau pale kama zuzu. Akapitisha kidole gumba chini ya nukta, mara ya kwanza, mara ya pili.

Hapa pamesuguliwa juzi tu, alisema, bado panang'aa. Nani?

Mimi, nilikuwa natoa kutu.

Akaielekeza kwenye mwanga. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nawaoshea vifaa vyao, kutu haiji imenyooka hivyo. Hakupandisha sauti. Akaiweka kabureta kwenye mfuko wa kanzu yake, akaenda kumpaka Baba sabuni.

Simu imeita mara tatu, Sumaku. Mara ya nne nimepokea. Kazi imesimama, dada, vibarua wamekataa kushuka shimoni. Wamepata buti, na si buti tupu. Polisi wako njiani, na mwenye kiwanja anauliza gereji ilikuwa ya nani. Wewe si ulisema mzee wako alikuwa fundi?

Nimekata.

Namsikia Mama Mdogo. Shemeji, inua kidevu. Wembe unapita, kwaru, kwaru. Shemeji, siku ile alivaa buti au viatu? Kwaru. Mimi nakumbuka buti, maana nilizipaka rangi jana yake.

Wembe umenyamaza.

Baba anasema kitu. Si neno moja, ni mengi, sijamsikia akisema mengi hivyo tangu augue. Siyashiki kutoka huku.

Mama Mdogo ananiita. Sauti yake ni ya kila Jumamosi, kama anataka nimletee taulo. Njoo, mwanangu, anasema, njoo umsikilize baba yako tangu mwanzo, nisije nikayabeba haya peke yangu.

Naenda. Tupa bado imo mfukoni mwangu.