Sura kwenye Sufuria ya Stili

Mbeya, Jumamosi, Machi 1976

Hii sufuria ya stili aliyoniletea mume wangu kutoka Zambia imeniunguzia maharage. Nilichochea kuni kama kawaida. Labda inataka moto wa taratibu?

Jioni nikaisugua kwa majivu uani mpaka ikang'aa. Baba mkwe akapita nyuma yangu, akakohoa ili nisigeuke. Sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe. Nikajifunika khanga, nikainama. Sufuria ikanionyesha sura yake yote.

Miaka tisa nampikia, leo ndiyo nimeuona uso wake. Ni mwanangu Ambakisye mtupu, hadi masikio!

Sijui kama nimevunja mwiko. Naogopa kumwuliza mume wangu.

Kesho nitapika tena kwa moto mdogo. Nitaisugua saa ileile.