Tajiri wa Majani

Baba yangu,

Shikamoo huko ulikolala. Nakuandikia nimesimama, maana nikikaa miguu inataka kwenda shambani.

Wamekuja wachimbaji kutoka Geita. Wanaitaka ngitili yako, kile kipande cha nyasi ulichokuwa ukikifunga mvua zote ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Wanasema chini kuna dhahabu. Mkweo, Baba Kulwa, amewaambia warudi kesho.

Unakumbuka walivyokucheka? Wenzako walilima pamba mpaka mlangoni, wewe unalinda nyasi. "Tajiri wa majani huyo!" Jirani yetu Mama Ndaki alikupigia kelele njiani. Ukaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, mwache. Jua halijasema." Jua likasema. Mama Ndaki akaja na ng'ombe wake wamebaki mifupa, ukaliondoa tawi la miiba mlangoni mwa ngitili, ukawapitisha. Mimi nilitaka kumkumbusha maneno yake, ukanikanyaga mguu!

Siku hizi, baba, ukiuliza kama maisha yamebadilika, kila mtu anakujibu kutokea alipokaa. Vijana wa pikipiki wanasema yamepanda. Mama anasema yameshuka, maziwa tunanunua. Wazee wanatazama zizi, shemeji zangu wanatazama bati. Kanisani anayepishwa benchi la mbele ni mwenye shimo la dhahabu, hata kama mkewe anaomba chumvi kwangu.

Baba Kulwa si mbaya. Amechoka kuitwa mkulima kama vile anaitwa mgonjwa. Jana kaniambia, "Mama Kulwa, nyasi hazishoni sare za shule." Kulwa na Doto wanaanza darasa la kwanza.

Leo nimeizunguka ngitili tangu alfajiri. Nyasi zinanifika kiunoni. Upande wa pili liko shimo la jirani, limejaa maji ya kijani. Mwenyewe kahamia Buseresere. Dhahabu ilimfuata, shimo likabaki.

Basi nimekata tawi la mwiba, nikalilaza mlangoni kama wewe. Nikamwambia Baba Kulwa tuuze nyasi kiangazi, tuanze na mbuzi wa maziwa. Alisimama pale, mikono mfukoni. Halafu akasema, "Umeliweka vibaya, ng'ombe atalisukuma." Akainama, akaligeuza, akalikanyagia vizuri.

Sijui kesho atawaambia nini. Lakini amelikanyagia, baba.

Pumzika. Mimi bado nasimama.

Mwanao,
Mama yao Kulwa na Doto