Mnazi wa Mama Fadhili

Shikamoo mama,

Ninyi hapo Mkomaindo mnajipepea, mimi huku Kitangari sweta haivuliki. Jana tulikwenda kupima mnazi wa Mama Fadhili kwa ule utafiti wetu wa chuo. Alipoona ngazi akaja mbio: "Mkiukata huo, mnikate na mimi!" Nikamwambia hatukati kitu. Tunapima kuti moja, urefu na upana, tunahesabu yaliyobaki, na hapo tunakadiria uzito wa makuti yote.

"Haya, mkishaujua uzito, mtaubeba?"

Tulicheka mpaka ngazi ikatikisika. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyetushikia futi, kisha akatulisha ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi za mnazi huohuo.

Sasa mama, kwenye simu nikikuuliza unasema u mzima, unakata. Lakini kwenye picha ya sikukuu ya Iddi umeinua mkono, na ile bangili iliyokuwa ikikubana imeteremka hadi karibu na kiwiko. Mimi kipimo kimoja kinanitosha.

Jumamosi nakuja na korosho. Tutakula sahani moja, nikikutazama.

Kitinda mimba wako,
Zuhura