Rangi Iliyoficha Milango

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Rangi imefika! Bibi Mzungu wa mgodini amerudi kwao na mume wangu Donatus kapewa makopo yaliyobaki. Bluu iliyokolea, ina ukijani ndani yake, kama shingo ya bata dume. Sebule ya yule bibi ilikuwa hivi hivi – niliiona siku niliyopeleka mayai, wivu ukanishika. Mama mkwe kanusa tu, kauliza kama tunaogesha ng'ombe humu ndani.

Alhamisi, 6 Agosti 1953

Kuta mbili tayari. Tapentaini mikononi, hata ugali unanuka.

Tangu mama mkwe aje kutoka kwao Kharumwa neno lake ni moja: tumbo langu. Nimeolewa miaka saba, sina mtoto. Leo nimemsikia akimwambia Donatus kuna binti huko kwao, Mageni, ana nyonga za kuzaa na baba yake hataki ng'ombe wengi. Donatus hakusema ndiyo. Wala hakusema hapana! Amekuna kichwa.

Kizee huyu haondoki mpaka aniletee mke mwenza. Basi aondoke kabla.

Jumapili, 9 Agosti 1953

Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Mungu anisamehe, asiponisamehe basi.

Macho ya mama mkwe yana ukungu. Mlango anaujua kwa sababu ni mweusi kwenye ukuta mweupe, hana njia nyingine. Nimerudi kanisani, nimevua gauni, nimepaka kuta zilizobaki. Na milango yote! Donatus kauliza, milango nayo? Nikasema ndivyo Wazungu wanavyofanya. Kaamini, maskini.

Jumanne, 11 Agosti 1953

Amejigonga! Paji la uso limevimba. "Mayu wane, mama yangu! Mlango wameupeleka wapi?" Amesimama katikati ya sebule, mikono mbele, anazunguka kama mbuzi aliyepotea mnadani. Mimi nipo kitini, nafuma kitambaa. Hakujua kama nipo.

Akajikojolea pale pale. Nimedeki huku naimba. Huruma nimeitafuta moyoni, sikuiona. Sasa ataomba mwenyewe arudishwe kwao.

Alhamisi, 13 Agosti 1953

Hakuomba! Donatus kasema mama hawezi tena kutembea peke yake, anataka mtu wa kumshika mkono. Na mtu huyo ni nani? Mageni! Anakuja Jumamosi na lori la pamba. Kumsaidia mama tu, anasema, bila kunitazama usoni.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Kizee kinatabasamu na nundu yake. Nakichukia.

Ijumaa, 14 Agosti 1953

Mchana. Donatus yuko zamu mgodini. Mama mkwe ametoka chumbani kwake, anapapasa kuta, anataka kwenda uani. Mlango wa uani uko kushoto. Wa kulia ni wa jikoni: ngazi za kushuka, na chini yake mafiga, sufuria ya maharage inatokota.

"Paskazia! Upo? Niende upande gani?"

Nimemwambia kulia.

"Asante, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo, hata siku ya harusi.

Anakwenda polepole, kiganja juu ya rangi yangu. Ameupata mlango, anausukuma. Bado naweza kumwita arudi. Naandika tu –