Mashine ya Kusikia Pumzi

Alhamisi, 22 Januari 2026

Bila mie, nusu ya magari ya Temeke yangekuwa yanatembea bila redio. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Leo kijiweni Tandika, pale kwenye kahawa, nimetoa somo la bure. Nimewaambia mwizi wa siku hizi haangalii gari, anakuangalia wewe unaposhuka. Ukitoa mkoba kwenye siti ukaupeleka kwenye buti mbele za watu, umeshampa kazi yake nusu. Waya wa chaja ukiuacha unaning'inia, hiyo ni kadi ya mwaliko, imeandikwa kabisa Bwana na Bibi. Mie nilikuwaga fundi wa redio za magari tangu enzi za kaseti. Balozi mmoja — nchi siitaji — alinipigia simu mwenyewe nikamfungie redio. Nikamwambia asubiri mpaka kesho. Akasubiri.

Badru, ambaye nimekua naye mtaa mmoja na hajawahi kuniamini hata siku moja, akauliza: balozi wa nchi au balozi wa nyumba kumi? Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wivu huo. Darasa la sita niliacha kwa hiari yangu, la saba nilikuwa nalijua tayari.

Mahali pangu pa kuficha sikuwaambia. Chini ya tairi la spea, ndani ya kanga chakavu, juu yake jeki. Pale hata mwenye gari anasahau. Inataka akili.

Keshokutwa nina kazi nzito Kinondoni. Mpwa wangu Naima, binti wa dada yangu Mwajabu, tunakaa nyumba moja, anapiga picha za shughuli za wanawake tu. Hina, singo, mambo ya ndani yasiyoonwa na mwanamume. Yeye anapiga, mie naendesha na kulinda. Kwa maneno mengine kampuni ina watu wawili na mkubwa anajulikana.


Ijumaa, 23 Januari

Naima amenipa maelekezo mara mbili, kama nilizaliwa jana. "Mjomba, kazi yako ni moja. Kaa na gari. Usitoe hadithi, kaa na gari."

Shughuli ni ya Bi Ibtisam Muhdhar, mwenye duka la vitambaa. Anamwoza binti yake Nunu kabla ya mfungo. Masharti makali: kila mgeni anaacha simu kwenye ndoo mlangoni, kamera ni moja tu, ya Naima. Picha akishazikabidhi anafuta zote. Huyo mama akiridhika, Waarabu wote wa Kinondoni watamchukua Naima mpaka Ramadhani inaingia. Asiporidhika, hakuna atakayemwita hata kupiga picha ya paka.

Nimeosha gari. Kwa kweli limeoshwa na jirani, mie nilisimamia.


Jumamosi, 24 Januari

Naandika usiku huu huu. Kwa hasira, siyo woga.

Tulifika alasiri. Mtaa umejaa magari. Jamaa mmoja mwenye kizibao cha kung'aa anaelekeza watu pa kuegesha. Mtu mzima, ana ndevu za mvi, lakini aliniona tu akajua nani kafika. "Shikamoo mkuu. Rudi, rudi, kata kulia, hapo hapo." Nikaegesha mara moja. Kwa kawaida naegesha mara tatu.

Karibu na magharibi Naima katoka na kompyuta yake ya kukunja. Kasema picha zote za hina amezihamishia humo, memori kadi amezifuta aendelee kupigia, na ndani watoto wanamwaga juisi kila kona. "Iweke vizuri mjomba. Zote zimo humu." Nikaiweka. Mahali panapojulikana.

Nikapiga soga na yule jamaa wa kizibao. Anasikiliza vizuri sana. Watu wa kusikiliza wamebaki wachache mjini. Jina lake sikumuuliza. Langu analijua, na la balozi pia nilimtajia.

Ikaadhiniwa. Nikaenda kuswali, msikiti upo jirani tu. Nikarudi. Jamaa hayupo, naona zamu yake ilikwisha. Baada ya isha Naima anakuja kuchukua kompyuta. Nikafungua buti. Jeki ipo. Tairi lipo. Kanga ipo, tena imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mie. Kompyuta hakuna.

Vioo vizima. Kitasa kizima. Hata mkwaruzo hakuna.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtu! Mrefu, kofia nyeusi, alikuwa anapita kando ya magari kashika kitu kama pasi ya umeme chenye antena. Kikifika kwenye gari fulani kinalia tii. Nikawaeleza wote pale barabarani: ile ni mashine. Kompyuta hata ikiwa imelala inapumua. Mashine inasikia pumzi.

Naima alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro na kamera yake shingoni. Bi Ibtisam akatoka na baibui, akanijia mpaka karibu, akasema polepole, na ingekuwa heri apige kelele:

"Mzee Sadallah, humo wamo binti zangu na wakwe zangu kichwa wazi. Mamangu yumo, ana miaka themanini, anacheza. Naima sikumwita kwa picha. Nilimwita kwa stara."

Tumerudi Temeke. Taa zote zilituwakia nyekundu.


Jumapili, 25 Januari

Kituoni. Askari anaitwa Anselmo, mpole, anaandika kwa herufi kubwa kubwa.

Kauliza gari limevunjwa wapi. Halijavunjwa. Funguo alikuwa nazo nani? Mie moja, Naima moja. Kauliza na wengine? Hakuna wengine.

Nikamweleza mashine. Nikamchorea. Kaitazama ile picha muda, kauliza: "Haya mzee, mashine imesikia pumzi. Tairi limenyanyuliwa na nani?"

Nikamwambia teknolojia imekwenda mbali.

Kaandika.

Akamgeukia Naima, kamuuliza kama kompyuta ina namba ya siri. Naima kasema inayo, ila fundi yeyote anaifungua kabla chai haijapoa. Kisha kamuuliza kama ana ugomvi na mtu, au kama kuna mtu aliwahi kumwomba zile picha kwa malipo. Naima kanitazama. Mie nikawa natazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa ya mwaka juzi.


Jumatatu, 26 Januari

Kijiwe kimejaa kama msiba. Wamekuja mpaka watu wa Yombo. Nimeeleza mashine mara nne, kila mara naikumbuka vizuri zaidi. Ina skrini. Ina namba za Kirusi. Inasikia simu kupitia bati, mbao, hata godoro.

Fransis wa duka la dawa anasema tangu asubuhi ameifunga tabuleti yake kwa foili ya kuchomea samaki. Nikamwambia umefanya la maana, ila zungusha mara mbili. Mwingine anaweka simu ndani ya sufuria yenye mfuniko. Nimeidhinisha.

Badru: "Sadallah, mashine hiyo inasikia na pumzi za watu wanaokudai?"

Mwenyekiti wa mtaa amenitumia salamu: Jumamosi kuna mkutano wa hadhara, niende kutoa mada. Kasema hivyo hivyo, mada.


Jumatano, 28 Januari

Shughuli mbili za Naima zimefutwa. Ya Jumapili na ya wiki ijayo. Wa kwanza kasema wamepata mtu wa familia. Wa pili hakusema, kaacha tu kupokea simu.

Maneno yanayozunguka Kinondoni ni haya: gari halikuvunjwa, basi kompyuta haikuibwa. Mpiga picha kaziuza mwenyewe. Huko kwa mume mtarajiwa wa Nunu yameshafika.

Nimemkuta Naima jikoni anakatia mamake vitunguu. Kaniambia bila kugeuka:

"Mjomba, ile kompyuta niliizima. Niliizima kabisa, haikuwa imelala. Iliyozimwa hiyo mashine yako inaisikiaje?"

Nikamwambia mashine za sasa zinasikia hata maiti.

Akaendelea na vitunguu. Baadaye kauliza tena, safari hii kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa: "Wewe uliondoka pale kwa swala tu? Buti ulilifunga?"

Nikasema lilifungwa.


Alhamisi, 29 Januari

Joto. Feni imekufa. Kijiweni sikwenda. Nilipita jioni tu, na usiku kidogo.


Jumamosi, 31 Januari

Mkutano. Nimekaa meza kuu, maji ya chupa mbele yangu. Watu wamejaa mpaka ukuta wa shule. Nimeongea vizuri, hata mie nimejishangaa. Nimeonyesha kwa mikono mashine inavyopitishwa. Watu wameguna panapostahili.

Halafu mama mmoja mwenye mtandio wa kijani akanyoosha mkono. "Sie tumekuelewa. Sasa mashine ikishasikia, buti linafunguliwa na nani? Si ndo huyo mpiga picha mwenyewe?"

Watu wakacheka. Siyo vibaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka.

Nikasema: swali zuri, tutalijibu kikao kijacho. Mwenyekiti akapiga makofi. Na wengine.

Dada Mwajabu alikuwa amekaa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki alichotoka nacho nyumbani. Kasimama, kakiinua kiti chake, kakibeba kichwani, kaondoka. Njia yote ile kati ya watu.

Nyumbani hakunipa salamu. Kasema tu:

"Bi Ibtisam kapiga simu. Polisi hataki tena, kulipwa hataki. Anawataka wawili mliokuwa na funguo, kesho baada ya alasiri, nyumbani kwake. Mkashike Msahafu."

Naima kasema yupo tayari hata sasa hivi. Wote wawili wakanitazama. Nikasema na mie pia, kwa nini nisiwe tayari, nimeficha nini?

Kulikuwa na wali wa nazi na pweza. Sikumaliza.


Jumapili, 1 Februari

Tangu alfajiri najaribu maneno.

Wallahi sikuiba. Kweli tupu, hili naliapa hata juu ya kaburi la mamangu.

Wallahi sijui iliko. Kweli.

Wallahi Naima hana hatia. Kweli mara tatu.

Tatizo ni kwamba Bi Ibtisam hataniachia nichague. Maswali anayo yeye. Miaka thelathini anapima vitambaa, anakiona kinapovutwa ili kitoshe. Atauliza: lile buti, tangu uiweke kompyuta umelifungua tena? Atauliza: mbele ya nani?

Polisi nimewaambia nilichowaambia. Kijiwe ni kijiwe. Lakini Msahafu siyo Badru.

Nilifikiria kuumwa. Nikagusia tumbo wakati wa chai. Mwajabu kasema nikiumwa si kitu, atawaambia waje na Msahafu hapa hapa kitandani.

Nilifikiria safari. Pugu kuna mtu ananidai nikamwone. Naima kauliza huyo wa Pugu anaitwa nani, jina likanipotea.

Nikiapa uongo, yangu na Mola wangu. Nikinyamaza, jina la mtoto limekwisha, na hana kazi nyingine anayoijua. Nikisema, kesho kijiweni nitakaa wapi? Fransis bado anafunga ile foili, mara mbili, kama nilivyomwagiza.

Alasiri imeswaliwa. Kanzu nimevaa. Udhu nimetia, ukatanguka, nimetia tena. Naima yupo nje ndani ya gari, injini inawaka. Hajapiga honi. Angepiga ningejua la kufanya, ningekasirika.

Basi niliandike hapa kwanza, nione kama mkono unakubali.

Mtu mrefu hakuwepo. Mashine haikuwepo.

Yule jamaa wa kizibao alisema haamini. Alisema, mkuu, kigari kidogo namna hii, kitu chaweza kukaa humo kisionekane? Nikacheka. Nikamfungulia buti. Nikatoa jeki. Akasema haoni vizuri, giza linaingia, nikammulikia kwa tochi ya simu, nikanyanyua tairi, nikafunua kanga. Akatazama, akatikisa kichwa. "Mkuu, wewe ni mtu hatari." Ikaadhiniwa. Akaniambia niwahi swala ya jamaa, buti atalifunga yeye.

Njia nzima kwenda msikitini nilikuwa natabasamu.